SOMO LA NGOZI: WAKATI WA JUA KALI NA SIKU ZA KUFUNGA

Soma kwanza: Matayo 6:16-18



Katika maneno hayo Bwana Yesu anafundisha juu ya kufunga. Hapendi mtu aharibu sura yake ili wengine wajue ya kuwa anafunga. Anaagiza mwenye kufunga anawe uso na kujipaka mafuta. Basi kutunza mwili siku ya kufunga si kupenda anasa, ni kutii. Leo tujifunze namna ya kutii neno hili hapa kwetu Vulamba, mahali penye jua na mavumbi.

1. JUA LA KWETU LINADANGANYA

Butembo iko milimani, karibu na mita 1,700 juu ya bahari. Upepo wetu ni wa baridi, kwa hiyo mtu hudhani jua si kali. Ni makosa. Nchi yetu iko karibu kabisa na Ikweta, na kila mtu apandapo juu mita elfu moja, nguvu ya jua inayochoma ngozi huongezeka kama sehemu moja ya kumi. Ndugu zetu wa Beni, walio chini zaidi, husikia joto na kutafuta kivuli. Sisi wa milimani hatusikii joto, nasi twabaki shambani mpaka ngozi na macho yameumia. Hata mawingu mepesi hayazuii nguvu hiyo.

Hauna saa? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali. Lima asubuhi mapema, pumzika chini ya mti tangu saa nne, kisha rudi shambani jua likipungua. Vaa kofia pana, nguo ya mikono mirefu, na kikwembe cha kufunika shingo. Wewe mama unayeuza sokoni, tengeneza kivuli juu ya meza yako, nawe mwenye motari, funika mikono yako.

Ngozi nyeusi ina rangi ya kuikinga, lakini haikingi yote. Mafuta na vaselini hulainisha ngozi, wala hayazuii jua.

2. MTOTO ALIYEZALIWA BILA RANGI

Kuna watoto wanaozaliwa na ngozi nyeupe na nywele za manjano, ijapokuwa baba na mama ni weusi. Si laana, wala mama hakufanya dhambi. Mtoto amepokea hali hiyo kwa wazazi wote wawili, kama vile anavyopokea pua ya baba na macho ya mama.

Mtoto huyu hana kinga hata kidogo. Akipelekwa shambani bila nguo ya kumfunika, jua litamtoa vidonda, na baada ya miaka vidonda hivyo vyaweza kugeuka kansa. Watu wengi wa namna hii katika Afrika wamekufa wangali vijana kwa sababu hiyo, wala si kwa uchawi. Mzazi, mpe kofia tangu anapoanza kutembea. Umpe kazi za ndani ya nyumba na za jioni. Umwambie mwalimu amketishe mbele, maana macho yake hayaoni mbali, tena mbali na dirisha lenye jua. Kidonda kisichopona kwa majuma manne, umlete hospitali mara moja. Kansa ya ngozi ikionekana mapema hukatwa, na mtu akapona.

3. SIKU ZA KUFUNGA

Ngozi hupata maji yake kutoka ndani ya mwili. Mtu akikaa bila maji, huku akilima juani, jasho linatoka na hakuna kinachorudi. Midomo hupasuka, ngozi hukauka, mkojo huwa mchache na wa rangi ya kahawia, kichwa huuma, macho huona giza. Hiyo si dalili ya kiroho. Ni mwili unaodai maji.

Basi mfanye hivi:

(a) Ukifunga chakula, kunywa maji safi yaliyochemshwa.

(b) Aliyeamua kufunga hata maji asizidishe siku moja, wala asifanye kazi juani siku ile. Akisikia kizunguzungu, anywe mara moja. Mungu hatakasirika.

(c) Oga kwa maji na sabuni kidogo. Ngozi ikiwa bado na unyevu, jipake mafuta, nayo yatashika maji yasitoke. Msikwaruze kwa jiwe wala kwa sabuni kali.

(d) Aliyefunga siku nyingi asijaze tumbo ghafula. Aanze kwa uji mwepesi, kidogo kidogo. Kula sana baada ya njaa ndefu kumeua watu.

Wako wasiopaswa kufunga chakula: mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto, mzee aliye dhaifu, mwenye ugonjwa wa sukari, na kila mtu anayemeza dawa kila siku, kama dawa za kifua kikuu. Mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya maombi. Afunge maneno mabaya, afunge ugomvi. Wachungaji, tunawaomba mtangaze jambo hili kanisani kabla ya siku za kufunga, ili mgonjwa asione haya.

4. UGONJWA UNAOUNGANISHA JUA NA NJAA

Kuna ugonjwa unaoitwa pelagra. Mtu anayekula chakula cha namna moja tu, hasa mahindi, mwili wake hukosa vitamini moja. Ndipo jua linaonyesha ukosefu ule: ngozi ya mikono, ya miguu na ya shingo huwa nyeusi, ngumu, kisha hubambuka. Shingoni huonekana kama mkufu. Baadaye huja kuhara na kuchanganyikiwa akili, na mwisho ni kifo. Mwaka 1999 na 2000, katika mji wa Kuito huko Angola, vita vilipozuia mashamba, watu mamia walipata ugonjwa huu.

Kwa nini tunawaambia? Tangu mauaji yaliyoanza katika Beni mwezi wa Oktoba 2014, ndugu wengi wameacha mashamba yao na kukimbilia kwetu. Wengi hula bugali peke yake. Ukipokea wakimbizi, usiwape unga tu. Ongeza maharagi, karanga, samaki wa Kyavinyonge, avoka. Na mtoto aliyeachishwa ziwa akivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na ngozi ikabambuka, msiseme ni jua. Ni njaa ya chakula cha kujenga mwili. Mleteni upesi.

5. MAMBO MAWILI YA KUJIHADHARI

Dawa za kung'arisha ngozi. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. Nyingine hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na muganga akiishona baada ya operesheni, kidonda hupona kwa shida. Tena zinaondoa ile rangi inayokukinga na jua.

Alama isiyosikia. Si kila baka ni jua. Gusa baka kwa unyoya. Kama hausikii, njoo hospitali, yaweza kuwa ukoma. Huko Oicha Daktari Carl Becker alitunza maelfu ya wenye ukoma, zamani ambapo dawa zilikuwa dhaifu. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza dawa zinazotumiwa pamoja, na mgonjwa hupona kwa miezi sita au kumi na miwili. Hazilipiwi. Anayejificha kwa haya ndiye anayepoteza vidole.

Ndugu, mwili uliopewa ni mmoja. Ukiutunza, utakuwa na nguvu za kuomba, za kulima na za kumsaidia jirani yako.

MAULIZO

1. Kwa nini jua la milimani linadanganya?
2. Utajuaje ya kuwa jua ni kali, kama hauna saa?
3. Taja watu watano wasiopaswa kufunga chakula.
4. Mtoto asiye na rangi anahitaji nini nyumbani, na nini shuleni?
5. Nani katika nyumba yako ana baka au kidonda kisichopona? Utamleta hospitali siku gani?