Dondoo muhimu: Ubuntu katika saiba yako

Mwenye saiba wa Thika au Ruiru, kompyuta ya kaunta ndiyo inayokulisha, usiifanyie majaribio. Iwekee toleo la muda mrefu la mfumo endeshi wa Ubuntu. Hutolewa kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, na hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5: lile la 24.04 lina huduma hadi 2029. Matoleo ya katikati hutoka kila miezi 6 na mambo mapya, lakini huduma yake hukoma baada ya miezi 9.

Mapya yanahitajika pia. Tenga mashine moja kuukuu, uiwekee toleo la katikati, ujaribie hapo printa na skana. Ukiona hitilafu, waarifu watengenezaji. Programu ni huria, nawe una nafasi humo.

Tafadhali, usibadilishe toleo mwishoni mwa Juni, foleni ya ritani za kodi za KRA ikiwa imefika mlangoni.