Leso Husomwa, Haitazamwi Tu

Somo langu mwaka huu linahusu leso. Nimelichagua kwa sababu nililijua kwa aibu.

Nilikuwa nimeweka pesa kidogo kidogo kwa kutembea kuja shule badala ya kupanda matatu. Zilipotosha, nilikwenda soko la Kibuye kumnunulia mama leso. Mama huuza omena, na leso yake ya zamani ilikuwa imechakaa kwa kutubeba mgongoni, mimi na wadogo zangu. Niliona moja yenye maua mekundu, nikalipa mbio mbio. Nyumbani mama aliifungua akafurahi, halafu akaniambia nimsomee maandishi. Nikasoma: "Hasidi hana sababu." Mama akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hasidi ni nani? Nikiivaa sokoni, si jirani yangu atasema namsema yeye?"

Kumbe leso ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani mapambo yanayoizunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani picha ya katikati. Halafu kuna jina, yaani maneno. Mimi nilinunua pindo na mji, nikasahau jina!

Neno "leso" limetoka kwa Wareno, nao waliita hivyo kitambaa cha mkononi. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Pwani walishona vitambaa hivyo pamoja wakapata vazi moja. Baadaye wafanyabiashara walianza kupiga chapa nguo nzima. Mmoja wao ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi tunazotumia shuleni. Nasi huku ziwani hatukuwa mbali na Pwani, kwani reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901.

Je, ni sisi tu tunaounganisha picha na maneno? La. Wajapani walichonga mbao, wakazipaka wino na kupiga chapa karatasi zenye picha na maandishi pamoja. Mchoraji Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki mwaka 1861, alichora visa vya watoto 24 waliowaheshimu wazazi. Mmoja wao alitafuta machipukizi ya mianzi kwenye theluji kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Tena, katika miaka ya 1950 na 1960, leso nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zilitengenezwa huko huko Japani.

Lakini kuna tofauti. Picha ya Mjapani humfundisha mtoto anayeitazama. Leso humsemea anayeivaa, na kila anayepita husoma. Ndiyo sababu anayemnunulia mama leso anamtia mama maneno kinywani. Tusimtie maneno ya ugomvi.

Nilirudi Kibuye, muuzaji akanicheka, akanibadilishia. Safari hii nilisoma jina kwanza: "Nani kama mama." Mama haendi nayo sokoni, ati samaki wataichafua. Huivaa kanisani.

Zoezi: leo jioni soma leso zote za nyumbani kwenu, kisha uliza kila moja ilinunuliwa na nani, na kwa nini. Hapa ndipo ninapotia nanga.