Nukta ya Joto au Moto wa Nyika?

Makala haya yanahusu istilahi moja. Kifaa cha VIIRS, kilichorushwa angani kwa setilaiti mwaka 2011, hupima joto la ardhi mchana na usiku, kila kipande cha picha kikiwa na upana wa takriban mita 375. Mawingu mazito hukiziba. Nukta nyekundu ikitokea katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, Homa Bay, makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, ni dharura. Ikitokea Awendo, Migori, huenda ni mkulima anayechoma majani makavu ya miwa. Tukiiita "moto wa nyika", tumemhukumu. Moshi katika picha za mchana huonyesha uelekeo wa upepo, si aliyewasha. Napendekeza "nukta ya joto". Mengine askari wa mbuga akajionee.