Somo la Kiingereza: Maneno "Stand By"

Anayepita Keumbu, katika njia itokayo Kisii kwenda Keroka, huona ndizi nyingi zikiuzwa sokoni. Huko shambani, mgomba uliobeba mkungu mzito hutegemezwa kwa mti wenye panda, usije ukaanguka kabla ndizi hazijakomaa. Mti ule husimama pamoja na mgomba hata siku ya kuvuna. Juma hili twajifunza maneno ya Kiingereza yenye maana kama hiyo, nayo ni "stand by".

Lugha yetu hugeuza maana ndani ya kitendo chenyewe: simama, simamia, simamisha. Waingereza huliacha neno "stand", yaani simama, kama lilivyo, kisha huweka neno dogo nyuma yake. Neno hilo dogo ndilo ligeuzalo maana, basi haifai kufasiri kila neno peke yake.

Tuseme mzee mmoja ana kesi ya mpaka wa shamba. Rafiki yake wa zamani, asiyejua Kiswahili, naye alikuwapo mpaka ulipowekwa, amwandikia: "I will stand by you." Kijana asomaye barua afasiri: "Mimi nitasimama kando." Mzee akidhani hana shahidi, huenda akaiacha haki yake. Kumbe barua yasema: "Nitakuwa upande wako, sitakuacha."

Ili tusikosee, na tutazame neno lifuatalo:

1. Likifuata jina la mtu, maana yake mara nyingi ni kumtegemeza katika shida. "She stood by her brother": Hakumwacha ndugu yake.

2. Ikifuata ahadi, maana yake ni kuishika. "He stood by his word": Alilishika neno lake.

3. Pakifuata mahali, maana ni ya kawaida. "Stand by the door": Simama karibu na mlango.

4. Pasipofuata kitu, maana ni kungoja tayari, au kutazama tu bila kusaidia. "They stood by and did nothing": Walitazama tu, wasifanye lolote.

Angalieni pia kwamba "stood" ni "stand" ya wakati uliopita.

Sasa msomaji, funika jibu kwa mkono, ufasiri maneno haya: "Stand by your neighbour, do not stand by when he falls."

Jibu: Mtegemeze jirani yako, usitazame tu aangukapo.