Kumlisha Punda Mzee: Je, Tuna Deni Kwake?



Katika shamba la seminari yetu yupo punda ambaye tumezoea kumwita Babu. Tulimkuta hapa sisi sote. Mafrateri waliotutangulia walimfunga sogi mgongoni, akabeba maji kutoka bondeni, mahindi kutoka shambani na mchanga wa kujengea. Baadhi yao leo ni maparoko. Mwaka jana alianza kubaki nyuma njiani, akapunguziwa mzigo, kisha akapumzishwa kabisa. Ndipo swali likazuka saa ya kazi za mikono: punda asiyebeba kitu alishwe kwa nini? Baadhi yetu tulisema auzwe. Tukiwa bado tunabishana, tulikaribia kumuua kwa ujinga wetu.

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi tulimwekea mabua ya mahindi kama punda wenzake. Jioni tulikuta mengi yamebaki horini, tukasema ameshiba. Tumbo lake lilikuwa kubwa na manyoya yake marefu, hivyo hatukuona shida. Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja mbwa, alipitisha kiganja mgongoni mwa Babu, akatuita tuguse wenyewe. Uti wa mgongo ulikuwa umechongoka, na mbavu zilihesabika chini ya manyoya. Kisha akaokota kando ya hori vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa. Babu hakuwa ameshiba. Alikuwa hawezi kutafuna.

Meno ya punda huendelea kusukumwa nje ya ufizi kadiri yanavyosagika, mpaka uzeeni yanapokwisha. Mengine hubaki na kingo kali zinazokata ulimi na mashavu. Kwa hiyo punda mzee akaguliwe meno na mtaalamu walau mara moja kwa mwaka, na kingo hizo zisawazishwe kwa tupa maalumu. Asiyekuwa na mtaalamu karibu aangalie dalili: vibonge vilivyotemwa, harufu mbaya mdomoni, na mavi yenye nyuzi ndefu za majani. Wala asipime unene kwa macho. Aguse kwa mkono.

Sasa majani ya Babu tunayakatakata vipande vifupi sana na kuyalowesha maji. Punda mwenye kilo 150 anahitaji takribani kilo 2 hadi 2.5 za chakula kikavu kwa siku, nasi tunazigawa mara nne au tano, maana tumbo lake limeumbwa kupokea kidogo kidogo. Pumba tunaongeza kiasi kidogo tu, ikiwa imeloweshwa. Hapo tulionywa sana: huruma ya kumjazia pumba inaweza kumletea maumivu ya tumbo na ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe kusimama. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kamwe, hata yale ambayo mtu anaona ni hasara kuyatupa, kwa sababu sumu yake huharibu ubongo wa punda na kumuua. Badiliko lolote la chakula lifanyike polepole kwa wiki mbili hivi. Na punda anayekataa kula kwa siku nzima asisubiriwe mpaka kesho. Mafuta ya mwilini humwagika katika damu na kumwangamiza kwa siku chache.

Maji safi yawepo wakati wote, pamoja na jiwe la chumvi. Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi, kwa kuwa asiyetembea sana hazisagiki. Chanjo ya pepopunda isisahauliwe: ugonjwa huo tumeupa jina la punda, naye kweli ni miongoni mwa wanyama wanaoupata kwa urahisi. Jambo moja lilitushangaza. Punda hushikamana na mwenzake kiasi kwamba wakitenganishwa anaweza kususa chakula. Hivyo Babu analala na punda jike waliyezoeana, ila wakati wa kula tunaweka ubao katikati, kwani jike huyo hana adabu ya mezani.

Turudi kwenye swali. Waswahili husema, "Punda afe, mzigo ufike." Hiyo ni falsafa kamili kwa maneno manne: mnyama ni chombo, na chombo kikichakaa hutupwa. Kato wa Roma alishauri ng'ombe wazee wauzwe, na watumwa wazee vilevile. Tuone jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa katika orodha moja. Plutarko alichukizwa, akasema asingemuuza hata ng'ombe aliyezeeka akimfanyia kazi. Akakumbusha habari za nyumbu wa Athene, yaani mtoto wa punda na farasi, aliyeachwa huru baada ya kazi ya ujenzi wa hekalu, akawa anarudi kwa hiari yake kuwaongoza wenzake waliovuta mizigo. Wananchi waliamua alishwe kwa gharama ya mji mpaka afe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hatupi njia rahisi. Anafundisha kwamba wanyama wako kwa ajili ya mwanadamu, na Katekisimu (2417) inakubali tuwatumie kwa chakula na mavazi. Lakini Tomaso huyohuyo anaeleza kwamba Torati ilikataza ukatili kwa wanyama ili mioyo ya watu izoezwe huruma kwa wanadamu. Wenzetu wengine wanaridhika na jibu hilo. Sisi tunaona Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinakwenda mbele kidogo: pumziko la siku ya saba limewekwa ili ng'ombe na punda nao wapumzike. Punda ametajwa kwa faida yake mwenyewe.

Mama mmoja wa kigango cha jirani alitukuta tunalowesha pumba. "Wanangu," akasema, "kwangu wajukuu wamekunywa uji mara moja jana. Nanyi mnampikia punda?" Tulimwamkia, tukakosa la kusema. Katekisimu (2418) iko upande wake: haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepunguza taabu ya watu. Tulipeleka suala hilo kwa Padre mlezi. Tangu hapo pumba ya Babu hutokana na yale tu yanayobaki kinuni, yasiyofaa uji, na majani tunakata wenyewe. Mama huyo sasa huondoka na debe la mahindi kila mwezi. Anachodai Babu kwetu zaidi ni jasho.

Kuuzwa kumekataliwa. Wanunuzi wengi wa punda hutafuta ngozi ya kuchemshia dawa huko Uchina, na viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana mwaka 2024 kusitisha uchinjaji wa namna hiyo. Lakini tumekubaliana pia kwamba siku Babu atakaposhindwa kusimama au kula, ataitwa daktari ammalizie maumivu, wala hatutamwacha afe taratibu ili sisi tujione wema.

Masika yanakaribia. Manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri, na banda linavuja upande wa hori. Kundi la Alhamisi limepewa kazi ya kuezeka.