Kupima Karnitini Katika Damu: Somo Kutoka Visiwa vya Faroe



Sisi tulio katika kamati na ninyi mnaotuchangia, tukisikia neno "kipimo" mara nyingi tunawaza kwanza bei ya mashine. Somo la toleo hili linahusu kipimo ambacho mashine yake ni ghali kweli, lakini waliokifaidi zaidi hawakuinunua.

Karnitini ni kemikali ndogo iliyogunduliwa mwaka 1905 ndani ya nyama, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyama. Hubeba mafuta na kuyaingiza ndani ya seli mahali yanapochomwa kutoa nguvu. Moyo unaitegemea sana. Wapo watu wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi, figo zao zikashindwa kuizuia, ikapotea kwenye mkojo. Mtu huonekana mzima, kisha siku ya homa au njaa moyo unasimama ghafla.

Katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, karibu mtu 1 kati ya 300 ana hitilafu hiyo. Baada ya vifo vya ghafla vya vijana, mwishoni mwa miaka ya 2000 wananchi walianza kupimwa kwa hiari, na zaidi ya 26,000 walijitokeza. Matone ya damu yalikaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara ya Copenhagen. Aliyeonekana kuwa na kiwango cha chini alipimwa tena.

Kipimo cha plazma hufanyikaje? Damu huzungushwa kwa kasi ili chembe zitengane na maji yake ya manjano, yaani plazma. Kisha huongezwa kiasi kinachojulikana cha karnitini iliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito. Tabia yake ni ileile, ila uzito umezidi kidogo. Protini huondolewa kwa methanoli, na kinachobaki huingizwa katika spektrometa ya masi. Mashine huchagua chembe zenye uzito wa 162 (karnitini ya mgonjwa) na 165 (ile iliyoongezwa), huzivunja, na kuhesabu vipande vyenye uzito wa 85 kutoka kila upande.

Hapo ndipo penye akili yote. Ile iliyoongezwa ni kama jiwe la mizani sokoni. Hata nusu ya sampuli ikimwagika baada ya kuchanganywa, zote mbili hupungua sawasawa, na uwiano haubadiliki. Kwa kawaida lita moja ya plazma ina karnitini huru maikromoli 20 hadi 50 hivi. Wenye hitilafu mara nyingi huwa chini ya 10.

Lakini tarakimu sahihi inaweza kusomwa vibaya. Mtoto mchanga hubeba karnitini aliyopewa na mama tumboni, hivyo akipimwa siku za kwanza anaweza kuonekana na upungufu kumbe mwenye hitilafu ni mama. Wapo akina mama waliogundulika kwa njia hiyo, wakiwa hawajawahi kuugua. Kwa hiyo mama naye apimwe, na mtoto arudiwe.

Tiba ni karnitini ya kunywa kila siku, maisha yote. Kero yake moja ni kwamba mwili huweza kutoa harufu ya samaki, jambo ambalo pengine wavuvi wa Faroe hulivumilia kuliko wengine.