DAWA ZA MITI: BAINA YA DAI NA HOJA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa hili twataka kueleza jambo linaloingia kila nyumba hapa pwani, nalo ni kujitibu kwa miti. Hapana mtaa kwetu usiojua mwarobaini, wala ni chache nyumba zisizo na habba sauda. Hilo peke yake si la kulaumiwa. Linalolaumiwa ni dawa kutumiwa pasina elimu, au kuuzwa kwa madai yasiyo na hoja, na huku roho za watu zapotea.

Msingi wa jambo hili katika dini ni wazi. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Imam Bukhari, kuwa kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyawekea dawa yake. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad imezidi kuwa dawa hiyo huijua mwenye kuijua, na hufichikana kwa asiyeijua. Basi kuwako kwa dawa ni rehema ya Mola. Ama kuijua, hiyo ni kazi tuliyoachiwa sisi. Na asiyeifanya kazi hiyo hana haki ya kungojea matunda yake.

I. WALIVYOFANYA WALIOTANGULIA

Watu wengi hudhani kuwa kuijaribu dawa kabla ya kuisadiki ni desturi ya Wazungu. Sivyo. Abu Bakr Al-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy na Baghdad aliyeishi zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliandika kuwa aliwagawa wagonjwa wenye dalili za uvimbe wa kichwani mafungu mawili: fungu moja aliwatoa damu, na la pili akaliacha kwa makusudi, ili apate kujua kama kutoa damu kwafaa. Baada yake Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake Al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa. Miongoni mwayo ni kuwa dawa iwe safi, isiyochanganyika na kitu cha kuigeuza; ijaribiwe kwa maradhi ya namna moja, si kwa mtu mwenye maradhi mengi yaliyochanganyika; athari yake ionekane kila mara, si mara moja tu; na ijaribiwe kwa mwanaadamu, kwani kumfaa mnyama si dalili ya kumfaa mtu. Elimu hii ilikuwa yetu. Tulipoiacha, wengine waliichukua.

II. KISA CHA MTI WA KICHINA

Mfano ulio mzuri kabisa katika zama zetu ni dawa ya malaria. Huko China kuna mmea wa jamii ya pakanga uitwao qinghao. Katika karne ya nne ya Miladi, tabibu mmoja jina lake Ge Hong aliutaja katika kitabu chake kuwa hutibu homa za vipindi. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa vijidudu vya maradhi hayo vilikuwa vimeanza kuizoea klorokwini. Mwaka 1969 bibi mmoja wa Beijing, Tu Youyou, akawekwa mkuu wa kikundi kimoja cha kazi hiyo.

Yeye na wenziwe walipitia zaidi ya dawa 2,000 za kienyeji, wakachagua 640, kisha wakajaribu kwa panya maji ya dawa zaidi ya 380 yaliyotolewa katika miti kama 200. Qinghao nao walikuwa wameujaribu, ukafaa mara moja na mara ya pili usifae. Ndipo bibi huyo alipokisoma tena kitabu cha Ge Hong, akaona kuwa mzee yule hakusema mmea uchemshwe. Alisema uroweshwe katika maji na ukamuliwe. Akatambua kuwa huenda ni moto unaoiharibu dawa. Akaitoa kwa itha, kwa joto dogo, na tarehe 4 Oktoba 1971 dawa hiyo ikawaponya panya wote waliojaribiwa. Mwaka 1972 yeye na wenziwe waliinywa kwanza wao wenyewe, ili wajue kama ina madhara, kisha wakawapa wagonjwa 21. Mwaka huo huo wakaipata dawa yenyewe ikiwa safi, nayo ndiyo iitwayo artemisinini. Mwaka 2015 bibi huyo alipewa tuzo ya Nobel.

Lakini kazi haikuishia hapo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika walipigwa sindano: nusu yao artesuneti, inayotokana na mti huo wa Kichina, na nusu kwinini, inayotokana na ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Miongoni mwa mahali palipofanywa jaribio hilo ni Kilifi yetu, na Muheza na Korogwe za jirani zetu. Waliopewa kwinini walikufa 297. Waliopewa artesuneti walikufa 230. Tazameni basi! Dawa mbili, zote asili yake ni miti, na isingalijulikana iliyo bora ila kwa kuhesabu. Hiyo ni ile ile njia ya Al-Razi.

III. YANAYOTUPASA SISI

Wako watakaosema: "Kama dawa hiyo ni ya mti, basi si bora tunywe chai ya majani yake, tuepukane na gharama?" Twajibu: La. Kadiri ya dawa iliyomo katika majani haina kipimo; leo nyingi, kesho chache. Dawa chache huviua vijidudu vilivyo dhaifu na kuviacha vilivyo na nguvu, navyo vikazaana. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikubali majani hayo kuwa dawa ya malaria, na ndiyo sababu artemisinini hutiwa pamoja na dawa ya pili. Hapa Kenya dawa za namna hiyo zilikubaliwa kuwa za kwanza kwa malaria tangu mwaka 2004. Hunywewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mwenye kuacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka ameidhulumu nafsi yake na jirani zake.

Wengine watasema: "Mti ni wa Mungu, hauna madhara." Hata sumu ni ya Mungu. Huko Malaysia madaktari wameeleza watoto wachanga waliodhurika vibaya kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Ama habba sauda, hadithi yake ni sahihi nasi twaiamini. Lakini mwanachuoni Al-Khattabi alikwisha kueleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni maradhi makhsusi. Basi si haki kumwambia mgonjwa wa sukari aache sindano zake kwa ajili ya chupa ya mafuta.

Na lililo zito kuliko yote ni degedege. Mtoto akishikwa nalo husemwa ni shetani, akafungwa hirizi na kufukizwa, na huku malaria imo ubongoni, nayo huweza kumuua kabla ya siku kwisha. Dua ni Sunna, nasi hatumkatazi mzazi kumwombea mwanawe. Na amwombee njiani akimpeleka hospitali.

Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyo katika Sunan ya Abu Daud, kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, huyo ni mdhamini wa madhara yake. Wauzao dawa za maradhi sabini na wajitayarishe kwa hisabu hiyo. Nasi tununuao tuwaulize: Imejaribiwa kwa nani? Kwa kadiri gani? Wangapi walipona, na wangapi hawakupona? Asiye na jawabu, tusimpe fedha zetu wala watoto wetu.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na siha njema. Wabillahi tawfiq.